Turubai la Mtumbwi wa Weldon

Burpee Estey hakunikaribisha. Alisimama mlangoni mwa ghala lake, mikono mfukoni, akaniacha ninyeshewe.

"Binti Weldon," akasema. "Umekuja kununua au umekuja kunusanusa?"

"Nimekuja kuuona mtumbwi, mzee. Si wewe mwenyewe uliyetangaza unauza?"

"Basi uone. Macho si unayo."

Sikuwahi kumpenda mtu huyu. Tangu niko shule, kila mtu kandokando ya mto Tobique anakijua kisa chake: anadai baba yangu, fundi Weldon, alimuuzia mtumbwi mbovu, unaovuja. Dukani walikuwa wakimcheka waziwazi. "Burpee, suruali imeshakauka?" Na baba alicheka kuliko wote. Sasa baba amekufa, karakana ni yangu, na Burpee bado hajafunga domo lake. Nilitaka kuununua mtumbwi ule, niutengeneze, niushushe mtoni mbele ya watu, aone haya.

Ulikuwa umelala kifudifudi juu ya magogo. Rangi ya kijani ya turubai lililovikwa juu ya mbao zake ilikuwa imepasukapasuka, na ncha zote mbili zilianza kuoza, mambo ya kawaida kwa mtumbwi mzee. Nikachungulia ndani: umepakwa rangi nzito ya kijivu iliyoficha mbao zote, kama mitumbwi mingi ya kazi. Lakini umbo! Umbo lile ningelijua hata nikifumba macho. Nilipapasa ubavu wake.

"Mtumbwi mzuri," nikasema. "Wewe ndiye hujui kutunza kitu."

"Mimi tena?"

"Unauacha nje kwenye theluji, unaubamiza kwenye mawe, halafu unamsingizia marehemu."

"Marehemu wako alikuwa mwizi."

"Rudia!"

"Mwizi. Au nikuimbie?"

Nilipandwa na hasira. Burpee akatoa kisu mfukoni, akanipa mpini.

"Chana."

Turubai likishachanwa, mtumbwi hauwezi kurudi majini mpaka uvikwe jingine. Mtu mwenye akili zake hachani kabla ya kununua, na hakuna muuzaji anayekubali. Nilidhani ananitisha. Nikazamisha kisu, nikapasua kutoka pua hadi katikati, nikalivuta turubai kama ngozi ya mnyama.

Chini yake kulikuwa na takataka. Mbao za mwerezi za vipande vifupivifupi, mabaki, vifundo vya matawi kila mahali. Kifundo kimoja kilikuwa kimeng'oka, na tundu lake limezibwa kwa bati la kopo. Baba ndiye aliyenifundisha kutupa kwenye jiko kila ubao wenye kifundo! Nikaliangalia lile bati. Kingo zake zilikunjwa vizuri, kwa unadhifu wake uleule. Hakukosea. Alikaa akafanya makusudi, kisha akafunika.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Nilimwambia bei yake ni kali. Mbele ya watu. Basi."

Aibu ilinishika, sikuweza kumtazama usoni.

"Nitautengeneza," nikasema. "Mbao mpya, turubai jipya. Nitakurudishia, sitaki kitu."

"Usinihurumie, binti. Ningekuwa nautaka, ningeuuza? Nilitaka uone. Umeona. Sasa lipa uniondokee."

Nikalipa bei aliyoitaja, bila kuomba nipunguziwe. Tuliupakia garini pamoja, tumenuniana. Alipomaliza kufunga kamba akanitupia turubai kuukuu la ghalani.

"Funika. Utapita mjini."

Nikaliacha pale chini, nikaondoka.

Mbele ya duka wanaume walikuwa wamekaa na kahawa zao, walewale. Ningeweza kupita. Nikasimamisha gari, ule ubavu uliochanwa ukiwaelekea.

"Verna!" mmoja akaita, huku akicheka. "Si ule wa Burpee? Jamani, kaufanya nini tena yule mzee?"

"Yeye hajaufanya kitu," nikasema. "Njooni muone. Hii ni kazi ya baba."