Shafti za Oreste

Kwetu Castelmora, mji wa milimani Italia, jina la utani halizikwi na mwenyewe. Linarithiwa kama shamba. Kuna ukoo unaitwa Mbuzi mpaka leo kwa sababu babu wa babu yao alilewa akalala zizini. Wajukuu wake sasa ni madaktari, lakini ni madaktari Mbuzi. Kwa hiyo Ersilia Vannozzi alipoitwa Trottola, yaani pia, ile inayozunguka wanayochezea watoto, hakucheka.

Jina alilipata kwenye mashindano ya magari ya kupanda mlima, siku ya Mtakatifu Roko. Kwenye kona ya kanisa dogo gurudumu la ndani lilipoteza barabara, likazunguka bure, kisha likashika ghafla, na kigari chake chekundu cha viti viwili kikajizungusha mbele ya mji mzima. Kabla mwaka haujaisha, binti yake akawa anaitwa "Trottola mdogo" shuleni. Hapo Ersilia akasema basi.

"Mwaka huu ile kona naipita nimenyooka, au gari naliuza," alimwambia binamu yake Settimio, mwenye gereji.

Dawa ilijulikana. Gari lile la zamani lilikuwa na difu ya kawaida, ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu: gurudumu moja likiteleza, nguvu yote hukimbilia kwenye utelezi hukohuko. Ipo difu nyingine, ya kubana, ambayo hailiachii gurudumu linaloteleza nguvu zote; huligawia na lile lililoshika ardhi. Ersilia aliagiza moja iliyotumika kutoka Bologna. Ikafika salama. Kisha wakafanya kosa letu la kila mwaka: wakaiweka pembeni mpaka katikati ya Agosti.

Keshokutwa ikiwa ni mashindano, Settimio aliita kutoka chini ya gari. "Ersilia, dada yangu, njoo uone. Nyundo iache hukohuko."

"Kuna nini?"

"Haiingii. Hii imetoka kwenye gari la injini kubwa. Shafti za magurudumu hazilingani, na propela, ile ya kuleta nguvu kutoka kwenye injini, ni nyingine."

"Hukujua?"

"Wewe ulijua?"

Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa nchi nzima. Kwetu, Agosti hata kinyozi yuko likizo baharini.

"Nirudishe ile ya zamani?" Settimio akauliza.

"Nikazunguke tena? Bora unirudishe mimi tumboni kwa mama."

"Basi mji huu shafti hizo anazo mtu mmoja tu."

Ersilia alimjua. Oreste Carfagna alikuwa na gari la aina ileile, lenye injini kubwa, na kila mwaka walishindana. Ndiye pia aliyetoa lile jina, kwa sauti, kwenye baa, watu wakiwa na kahawa zao mkononi. Mwaka huu alianguka kwenye ngazi akichuma tini. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa hogo la plasta, mweupe pe, na hangeendesha.

Ersilia alimkuta mlangoni kwake. "Oreste, nataka shafti zako na propela. Mashindano yakiisha narudisha."

"Hata habari za mkono huniulizi?"

"Nauona, umevunjika. Unanipa hunipi?"

"Una uso mkavu we Trottola, kama mkate wa juzi!"

"Na wewe una ulimi mrefu. Binti yangu anaitwa hivyo shuleni sasa."

Kicheko kikamkauka Oreste. "Mtoto?"

"Mtoto."

"Mimi nilikuwa nachekesha watu tu." Akaangalia hogo lake, akaangalia banda. "Lete jeki. Gari limekaa tu, linakula vumbi. Ng'oeni."

Kesho yake, siku ya Bikira Maria kupalizwa, mji mzima ulikwenda mtoni kuchoma nyama. Wao watatu walibaki na magari mawili yaliyoinuliwa. Oreste alikaa juu ya kreti akiamrisha.

"Settimio! Legeza kwanza nati ya kujazia oili ndipo ufungue ya kumwagia. Ya juu ikigoma na oili umeshamwaga, utajaza kwa maombi?"

"Najua, bwana."

"Unajua, ndiyo maana ulikuwa umeshika ya chini."

Ersilia alilala chali, akakaza bolti za propela mpaka mabega yakawaka moto. Difu ilipokaa mahali pake, Oreste akasukuma kwa mguu galoni ya oili aliyojinunulia mwenyewe. Ersilia alitaka kusema neno. Badala yake akafuta mikono.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

Akampa mkate wake wote wenye bilinganya.

Siku ya mashindano Oreste alipewa kipaza sauti, maana mdomo wake ulikuwa mzima. Ersilia aliifikia kona ya kanisa kwa gia ya pili, akakata usukani, akakanyaga. Alisikia gurudumu la ndani likianza kulia. Safari hii gari halikumtupa. Lilichuchumaa nyuma, likasukuma kwa miguu yote miwili, kona ikabaki nyuma yake.

Kwetu jina hulifuta aliyelitoa, tena hadharani. Mlima mzima ulimsikia Oreste: "Huyo kapita! Ersilia Vannozzi! Anaitwa Ersilia Vannozzi, na mwenye jina lingine aje anipe mimi!"

Alimaliza wa nne. Wa nne tu, na machozi yalimtoka ndani ya kofia ngumu ambako hakuna wa kumwona.

Jioni, kwenye meza ndefu ya uwanjani, Oreste alikuwa akipigana na kipande cha mwanakondoo kwa mkono wa kushoto. Ersilia akaketi karibu yake, akavuta sahani bila kuuliza, akaanza kumkatia nyama vipande vidogo vidogo.

"Mimi si mtoto," Oreste akanung'unika.

"Asante, Oreste," akasema Ersilia. "Sasa kula."