Alivunjika Akiinuka

"Mama Wainaina, ulimsukuma, ama alianguka mwenyewe?"

Jirani yangu Waithira aliniuliza hivyo mlangoni, kikapu cha kahawa bado mgongoni. Nilimweleza nilivyoona. Mama mkwe wangu, Mumbi, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Akainuka. Nikasikia nyonga ikilia kama kuni kavu, ndipo akaenda chini.

Nani angeamini? Watu wanajua mtu huanguka kwanza, kisha avunjike. Tena laini yote, zile nyumba za wafanyakazi wa kahawa pale Ruiru, ilijua mimi mjane nimechoka kumtunza mama mkwe. Na kuchoka nilikuwa nimechoka, Mungu anajua. Mumbi alinitetea, lakini Gathogo, mwanawe aliyebaki, alisema, "Anayempikia ndiye amemfunga mdomo." Kisha akaniambia polepole, "Shemeji, ikiwa ni wewe, utarudi kwenu. Wainaina atabaki kwetu."

Niliomba mpaka maneno ya kuomba yakaniishia.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Siku hizi mimi mwenyewe nikiinuka hushika ukuta kwanza.

Hospitalini Thika, daktari msaidizi, Barasa, aliinua picha ya mfupa dirishani. Gathogo akamsogelea, kofia mkononi.

"Alisukumwa?"

"Mfupa huu haukungoja kusukumwa. Ni kama bua la mahindi lililokauka: nje zima, ndani limeisha." Akamgeukia Mumbi kitandani. "Nyanya, mama yako alipinda mgongo?"

"Alipinda mpaka akawa anasalimia miguu ya watu."

Akataka kujua damu ya mwezi ilikoma lini. Nikamjibu mimi, kwa sauti ya chini, maana mwanawe alikuwa pale: mapema sana, kabla sijaolewa kwao.

"Na chakula?"

"Miaka ya njaa niliwapakulia wengine," Mumbi akasema. "Kupakua pia ni kazi."

"Maziwa?"

Akacheka kidogo, akimwonyesha Gathogo kwa kidevu. "Maziwa ni ya wanaume, daktari. Huyu alikunywa kibuyu chake, akanywa na changu. Si unaona alivyorefuka?"

Barasa hakucheka. "Uzee, damu kukatika mapema, njaa, ukoo wa mama yake. Vimemla polepole, miaka mingi."

Gathogo aliitazama tena ile picha. Nilingoja arudie ile habari ya mimi kurudi kwetu. Akainama, akamfunika mama yake miguu kwa blanketi, akavaa kofia akatoka.