Nafasi ya Thacienne

Siku Chibalonza alipoingia kwa mara ya kwanza katika jiko la Anésie, alifunua sufuria bila kuomba ruhusa, akaonja sombe, yaani kisamvu, kwa ncha ya mwiko, akasema kwamba majani yale yalikuwa yanalilia mawese. Anésie alicheka kama mwenyeji anavyopaswa kucheka, akamsogezea kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wahenga. Hakujua kwamba katika nyumba ile ya Toongabbie, kitongoji cha Sydney, mwenyeji ndiye angeanza kuugua.

Ugonjwa wenyewe ulikuja polepole, nao ulianzia kwa mtoto. Ineza, binti pekee wa Anésie, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kuletwa Sydney kabla hajaota meno ya pili. Kiswahili alikielewa chote, hata kile cha kusengenyana, lakini mama yake alipomsemesha alijibu kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, macho yakiwa kwenye simu. Anésie alikuwa amekubali. Aliwaambia wanawake wenzake wa kwaya kwamba watoto wote wa huku wako hivyo, wana masikio ya nyumbani na ulimi wa shuleni.

Kisha akaja Chibalonza, huyu mwanamke wa Bukavu, ambaye alikaribishwa kula kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili moja Anésie alikuwa akianua nguo uani aliposikia sauti ya msichana ikisimulia, kwa Kiswahili, habari ya mwalimu aliyeanguka na kiti chake mbele ya darasa. Kilikuwa Kiswahili kilichochechemea, chenye maneno ya Bukavu ndani yake, lakini kilikuwa Kiswahili. Ineza alikuwa akimsimulia Chibalonza huku akimsukia nywele. Anésie alisimama nyuma ya mlango wa wavu, kapu la nguo kiunoni, hata vidole vikafa ganzi kwa baridi. Alipoingia, simulizi ilikatika, na mtoto akamwambia kwa Kiingereza kwamba soksi zake za michezo hazionekani.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Chibalonza kilimchoma. Ilimchoma sauti yake, ambayo mwenyekiti wa kwaya, Mzee Melchior, aliipa beti za peke yake ambazo zamani zilikuwa za Anésie. Lilimchoma sombe lake, ambalo Ineza aliongeza sahani ya pili. Lilimchoma hata jina la heshima ambalo Chibalonza alimwita, yaya, maana yake dada mkubwa, kwa kuwa lilitamkwa kwa upendo ambao hakuweza kuupatia kosa.

Na huyo huyo Chibalonza ndiye aliyemtwika siri yake. Walikuwa wakichambua maharage. Kanisani wote walidhani alipitia kambini kama wao, akaitwa, akahojiwa, akapimwa kifua, akapandishwa ndege. Sivyo. Alikuja kwa viza ya wageni, kuhudhuria mkutano wa maombi wa akina mama, akiwa na tiketi ya kurudi mkobani. Mkutano ulipokwisha, waasi walikuwa wameingia mjini kwao na nyumba ya kaka yake ilikuwa imechomwa. Siku ya ndege ilipita akiwa amejifungia chumbani. Viza nayo ikaisha. Sasa alisafisha ofisi za watu na kulipwa mkononi, na kila alipoona sare ya polisi alivuka barabara.

"Nimekuambia wewe peke yako, yaya," alisema. "Wewe unajua mutu anaishi namna gani wakati hana kwao."

Anésie alimfariji kwa mdomo. Moyo ulikuwa mbali, kwa Thacienne.

Thacienne alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, naye alikuwa bado kambini. Siku majina ya watakaopelekwa ng'ambo yalipotoka, la Anésie lilikuwemo pamoja na la mtoto wake, la Thacienne halikuwemo, kwa sababu alikuwa ameolewa na kuandikwa kwenye karatasi nyingine. Mume alikufa baadaye. Karatasi ilibaki pale pale. Anésie alikuwa ameomba mdogo wake aletwe, akakataliwa, akaomba tena. Huyu wa Bukavu alipanda ndege jioni, akalala, akaamka Sydney.

Huko kambini watu walikuwa na imani moja kuhusu safari za ng'ambo, imani ambayo hakuna ofisa aliyewahi kuifundisha. Majina ya walioitwa yalibandikwa ubaoni, na kila mtu aliamini kwamba nafasi zilikuwa kama viti vya kanisani: mmoja akiinuliwa, mwingine huketi. Iliposemekana kwamba familia fulani imefutwa kwa kudanganya, wake kwa waume walidamka kesho yake kwenda ubaoni kutazama ni nani aliyepandishwa mahali pao. Mara nyingi hawakuona jina jipya. Walisema karatasi imechelewa njiani, wakarudi siku nyingine. Anésie aliondoka kambini na imani hiyo kama mtu anavyoondoka na lafudhi yake. Kwa hiyo, alipomtazama Chibalonza akila mezani pake, hakumwona mgeni. Alimwona mtu aliyekalia kiti cha Thacienne.

Mambo yangeweza kuishia hapo, kwenye kinyongo cha jikoni, lau si uchaguzi. Majira hayo nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya wageni. Redioni, treni ikichelewa, lawama ni wageni; kodi ya nyumba ikipanda, wageni. Katika nyumba ya wazee alikofanya kazi Anésie, bibi mmoja aliyekuwa akiogeshwa naye alimwambia kwa upole kwamba nchi imejaa, kisha akamshika mkono asije akaondoka. Mgombea mmoja wa ubunge wa upande ule wa Toongabbie alikuwa ameahidi sheria mpya: wote waliopitiliza viza watafutwe na kurudishwa makwao. Mgombea huyo, mama wa Kizungu mwenye sauti ya taratibu, aliomba kukutana na Waafrika katika ukumbi ambao kanisa lao lilikodi.

Aliyetumwa kutengeneza mkutano huo alikuwa Mwiti, kijana Mkenya aliyekuja kusoma, akapata uraia, na sasa alifanya kazi katika ofisi ya mgombea. Alifika kwa Anésie na boksi la keki. Alimweleza kwamba walihitaji mtu mmoja aliyepanga foleni, asimame aeleze namna wengine wanavyoiruka.

"Ni dakika mbili tu, Mama Ineza," alisema. "Wewe ukiongea, hakuna mtu atasema sisi ni wabaguzi. Wewe ndiyo mfano."

Anésie alimuuliza kama mgombea angeweza kulitazama faili la mdogo wake. Mwiti alijibu kwamba akishinda, atalitazama, kwa nini asilitazame. Kisha akauliza kama alimfahamu mtu yeyote aliyepitiliza. Anésie alikata keki, akamwekea kipande kwenye sahani, akasema kwamba yupo mmoja, na kwamba huenda siku hiyo angemtaja.

Alipoyatamka, alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi kwa muda mrefu. Aliuita wepesi huo haki.

Asubuhi ya mkutano alimpigia Thacienne simu. Thacienne alimwambia kwamba posho imepunguzwa tena na kwamba wanaambiwa kila wiki warudi Burundi kwa hiari, hiari yenyewe ikiwa imeshikiwa fimbo. Halafu akauliza huko Australia wamekula nini. Anésie alimwambia asubiri, kwamba jambo linakuja. Hakusema ni jambo gani.

Ukumbi ulijaa. Mzee Melchior, ambaye siku za kazi huendesha lori la makontena bandarini Port Botany, alifungua kwa sala na kuwaonya watu wasizime vipasha joto hata wakikasirika. Mgombea alizungumza, Mwiti alitafsiri. Ineza alikuwa safu ya tatu, na ubavuni pake, akiwa amevaa koti la kuazima kwa Anésie mwenyewe, aliketi Chibalonza. Alikuwa amekuja kwa sababu Anésie alimwalika. Kutokuja, alimwambia, kungewafanya watu waulize.

Anésie alipoitwa, alisimama wima kama anayeitwa kuapishwa. Alieleza kambi, foleni ya maji, foleni ya unga, foleni ya mahojiano ambapo ofisa mpya kila mara aliuliza upya mume wake alikufaje. Alieleza habari za Thacienne. Watu waliitikia kwa kuguna. Alimwona Chibalonza akifuta machozi kwa mkono wa lile koti, na machozi yale nayo yakamkera, kana kwamba hata msiba huo alikuwa anataka kugawana nao.

Sasa zilibaki sentensi mbili tu, moja ya kutaja na moja ya kuketi. Lakini Anésie alitoka katika ulimwengu ambamo hutoi kitu kabla hujaona kinachoingia mahali pake. Kwa hiyo alimgeukia mgombea na kumuuliza swali ambalo kwake lilikuwa ndilo mkutano wote.

"Mkiwaondoa hawa wasio na karatasi, nafasi yao atapewa mdogo wangu?"

Mwiti alitafsiri. Mgombea hakuharakisha kujibu. Alikuwa mtu mkweli kwa namna yake. Alisema hapana. Alisema hizo si nafasi za kupokezana. Anayeondolewa haachi kitu nyuma yake. Tena aliongeza, akimtazama Anésie kwa huruma isiyo ya uongo, kwamba chama chake kitapunguza pia wanaoletwa kutoka kambini, kwa miaka kadhaa, mpaka nchi ipumue.

Mwiti alivuta kipaza sauti karibu, akasema, "Mheshimiwa anasema suala la kambi litaangaliwa kwa makini."

Anésie alikuwa amekaa darasa la Kiingereza muda wa kutosha kulijua neno hapana. Alibaki amesimama, akilisubiri litafsiriwe. Halikuja. Badala yake Mwiti alimgeukia, bado kipaza sauti kikiwa mdomoni, akamhimiza kwa wema. "Endelea, mama. Na yule mtu uliniambia unamjua, yule alipitiliza viza?"

Kutoka nyuma mwanamume mmoja alisema, "Mtaje basi tumpe maji ya kunywa, koo limeshamkauka," na wachache wakacheka, kile kicheko cha watu wanaohesabu upesi ni nani kati yao anayesemwa. Chibalonza hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeshikilia ukingo wa kiti cha mbele, na uso wake ulikuwa umeinuka, ukimtazama Anésie moja kwa moja, bila kusihi. Ineza alitazama mmoja, kisha mwingine.

"Sina mtu wa kutaja," Anésie alisema, akaketi.

Mzee Melchior, ambaye hakuwa mjinga, aliwaomba watu wasimame waimbe ubeti mmoja wakati chai ikimiminwa.

Walipotoka, giza lilikuwa linaanza kuingia. Walipanda gari kama kawaida yao ya Jumapili, Anésie kwenye usukani, wale wawili nyuma, kwa kuwa Chibalonza hakuwa na gari wala leseni na nyumba aliyopanga chumba haikuwa mbali na kwao. Ineza alijaribu kufungua redio kutoka nyuma kwa simu yake. Zilikuwa habari za uchaguzi, akaizima.

"Yaya," Chibalonza alisema, "ni miye ulikuwa unataka kutaja?"

Anésie angeweza kudanganya, na mbele ya mtoto ingekuwa rahisi zaidi. "Ni wewe."

"Sasa mbona umeacha?"

Taa iligeuka nyekundu. Anésie alitafuta jibu zuri, lile ambalo mchungaji angelipenda, akaona kila alilolishika lilikuwa la mtu mwingine. "Kwa sababu amesema hapana," alisema.

Kwenye kioo kidogo aliuona uso wa Chibalonza ukilipokea neno hilo na kulielewa mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho ameshaamua kutonunua, "Na kama angesema ndiyo?"

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma lilipiga honi. Anésie aliendesha. Alipita duka la Wahindi, akapita kinyozi, na jibu halikuja. Au lilikuja, naye hakutaka mtoto wake alisikie likisemwa.

"Uniache hapa," Chibalonza alisema walipofikia kituo cha treni. Nyumba yake haikuwa upande huo, na wote watatu walijua. Labda alikuwa na mtu mtaa wa Ingleburn au kwingine wa kumpokea. Labda hakuwa naye, ila hakutaka tena mlango ambao Anésie aliufahamu. Gari liliposimama, alivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. Alisema asante kwa chakula cha siku zote. Kisha akashuka.

Ineza alifungua mlango wake akashuka naye. Anésie aliita jina lake mara moja. Msichana hakugeuka. Alivua koti lake mwenyewe, akamvika Chibalonza mabegani, akamshika mkono, nao wakaanza kupanda ngazi za kituo pamoja, wakizungumza jambo ambalo kutoka garini halikusikika.

Anésie alikaa na injini ikiunguruma. Wivu haukuwa umeondoka. Aliutafuta akaukuta palepale kifuani, ukiwa na nguvu zake zote. Ulikuwa umegeuza uso tu. Kwa mara ya kwanza hakumwonea wivu Chibalonza. Alimwonea mtoto wake, aliyeweza kumshika mwanamke yule mkono bila kuwa na neno lolote la kumwungamia kwanza.