Nusu ya Mwanatumu

Kama kuna mtu ambaye Jalia alimdharau kuliko Umaru, mume aliyeachana naye, basi ni Bwana Fakihi, na Bwana Fakihi hakuwa mtu bali jina katika riwaya kongwe iliyosomwa shuleni enzi hizo. Mwanamume gani yule? Anakula peke yake, hasemi na mkewe, chumba cha uani kakitia kufuli na ufunguo anaoga nao. Jalia alikuwa na hakika mle ndani mna kimada. Mke wake, Mwanatumu, ndiye aliyekuwa mwanamke: mvumilivu, mpole hata kwa kuku. Jalia alijiona ni yeye, ingawa soko zima la Arua lilijua kwamba Jalia na upole ni mbingu na ardhi.

Hayo yote aliyasoma katika nusu ya kitabu. Kilikuwa zawadi ya harusi, kikalala sandukuni bila kuguswa. Siku ya talaka wazee walipokuwa wakigawa masufuria na mikeka, Umaru akakidai. Jalia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe nataka kitabu ya nini? Kufunga njugu?"

Umaru akakipasua katikati, akaacha nusu ya kwanza, akaenda na ya pili kuishi Koboko. Kesho yake Jalia akaanza kusoma yake, kwa hasira tu. Watu ndivyo walivyo, kitu hawana haja nacho mpaka kigawanywe.

Kicheko kile kilikuwa na sababu. Umaru hakujua kusoma hata herufi moja. Mwezi mmoja kabla ya talaka, kwenye karamu ya jirani, mtu alimpa karatasi asome majina ya wageni, Jalia akapaza sauti: "Mnapa huyu? Nashika karatasi miguu juu!" Watu walicheka karamu nzima, wakaendelea kucheka sokoni mwezi mzima. Jalia aliuona ule ndio utani wake bora maishani.

Miaka kumi na tisa ikapita. Shakira, binti yao aliyekuwa ananyonya siku ya talaka, akapata mchumba. Ndoa ikapangwa Ijumaa, na shekhe akasema hafungi bila baba wa kumwozesha, maana baba yu hai na Koboko si Makka. Shakira akaenda kumwomba, akarudi macho mekundu.

"Baba nasema hapana kuja mpaka wewe naomba yeye msamaha mbele ya watu. Nasema wewe iko Mwanatumu kabisa."

Jalia akaangua kicheko. Lizee limechanganyikiwa, limesikia jina kwa watoto wa shule, linakataa huku linasifu! Akaenda kumtambia Santa, jirani yake sokoni, muuza samaki wakavu kutoka Sudani Kusini.

"Mutu nasifu wewe, halafu nazuia harusi ya mtoto?" Santa akauliza. "Mama Shakira, hii sifa iko na mwiba."

Jalia alimwona mshamba. Alhamisi asubuhi akatia nusu yake ya kitabu mkobani, iwe ushahidi, akapanda gari la Koboko.

Alimkuta Umaru barazani kwa duka lake la vipuri vya baiskeli, miwani puani. Miwani! Ya kusomea nini, bei za mnyororo? Umaru alimsalimu kwa ufupi, akamwekea nusu ya pili mapajani. Haikuwa imefunga njugu yoyote. Kila mstari ulikuwa umefifia pale kidole kilipopita, na maneno yamekatwakatwa kwa penseli, silabi moja moja.

"Mimi najifunza na hii," alisema. "Ukurasa moja, mwezi moja."

Jalia akatoa yake mkobani; Umaru akaichukua, akaanza kusoma. Jalia naye akafungua ya pili.

Chumba cha uani hakikuwa na kimada. Mlikuwa na ndugu wa Bwana Fakihi, mgonjwa wa ukoma, ambaye kijiji kingemfukuza. Fakihi alikuwa akimlisha kwa mkono wake. Na Mwanatumu, Mwanatumu wake yule mpole, akavunja kufuli, akaona, akaenda kisimani kuwasimulia wanawake huku anacheka. Mgonjwa akafukuzwa kwa mawe, akafia njiani.

"Mbwa huyu!" Jalia alifoka. "Mdomo kama ngoma!"

Kisha akaikumbuka karamu ya jirani. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kando yake Umaru alisoma taratibu, midomo ikicheza. "Kumbe Mwanatumu alikuwa mutu," alisema. "Nangoja bwana miaka yote, bwana hapana sema hata neno. Mimi sikujua."

Watu walioitwa na Umaru kushuhudia msamaha wakafika: Mzee Muzamili wa msikitini, majirani, na Hajati Afisa ambaye hapitwi na jambo. Jalia akasimama. Alikuwa tayari kutaja yote, karamu, karatasi, kicheko. Akafungua kinywa.

Mzee Muzamili alikuwa akimpa Umaru bahasha. "Mwalimu, baadaye somea mimi hii barua ya mtoto."

Mwalimu! Huku hakuna aliyejua kwamba zamani alikuwa hajui kusoma. Akitaja kosa lake, atakuwa amevunja kufuli mara ya pili.

"Mimi nakosea yeye," alisema. "Naomba msamaha."

"Nakosea nini?" Hajati Afisa akauliza.

"Nakosea sana."

"Sana namna gani? Sema!"

Jalia, aliyekuwa na jibu kwa kila kiumbe kuanzia kijiji cha Manibe hadi kijiji cha Midia, alitazama sakafu.

Hajati akasonya. "Mwanaume ingine," alimnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono wa kusikika barabarani. Wanawake wakavuta nguo zao zisimguse. Dharau aliyowagawia watu maisha yake yote sasa alipakuliwa yeye, sahani imejaa, na ilimuuma vibaya sana. Sentensi moja tu ingemsafisha.

Umaru akavua miwani, akawageukia watu, uso umemshuka. "Hapana iko mwanaume. Ile siku mimi..."

"Nyamaza, Baba Shakira!" Jalia akamkata. "Mimi nakosa, mimi najua kosa yangu. Wewe kesho panda gari ya kwanza, ozesha mtoto."