Macho ya Kapteni Selah

Ulikuwa mwaka wa sita tangu serikali ipige marufuku pombe Amerika nzima, na watu walikuwa hawajapata kunywa namna ile tangu waumbwe. Matajiri wa New York walinunua ufuko wa Long Island, wakajenga majumba, na kila Jumamosi walijaza bustani zao wageni wasiowajua hata majina. Wenyeji, wavuna chaza kama Kapteni Selah Tuthill na mkewe Orpha, waliwasema vibaya kutoka ng'ambo ya kijito. Halafu, tusifichane, wakaenda kuwafanyia kazi.

Kazi ya Orpha ilikuwa ya ajabu. Katika banda lake la chaza, fundi aitwaye Floyd alichanganya spiriti na maji na sukari iliyounguzwa, akatia kwenye chupa na kubandika lebo ya wiski ya Uskoti. Orpha alizilaza chupa hizo siku mbili katika maji ya chumvi ya kijito, akazisugua kwa mchanga, akazifunga kwenye magunia yenye mwani. Mnywaji akiona chumvi kwenye lebo, anaamini chupa imeshushwa jana tu kwa magendo kutoka melini. Wala hakuna aliyeuliza. Mtu akishalipa ghali huona haya kuuliza.

"Nikifa, Mama Orpha, nichovye majini siku mbili," Floyd alizoea kusema. "Mtakatifu Petro atadhani nimetoka Uskoti."

"Atakunusa kwanza," Orpha alimjibu.

Hakuipenda kazi, ila alimpenda mwenye kazi. Bwana Harlan Wickliffe, mwenye jumba la ng'ambo, ndiye tajiri pekee aliyeona kwamba Selah haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na kwa miaka mitatu mzee alikuwa akipapasa kamba za mashua yake mwenyewe. Bwana Wickliffe alimpakia kwenye gari lake, kiti cha mbele, akampeleka kwa daktari bingwa mjini. Daktari akasema waache mtoto wa jicho akomae, wampasue Septemba. Gharama zote juu ya Bwana Wickliffe. Orpha alilia njia nzima ya kurudi, na hakuwa mwanamke wa kulialia.

Jumba lenyewe Selah hakuwahi kuliona, maana lilijengwa akiwa tayari kizani. Alisikia tu watu wakisema ni la marumaru.

"Hebu niambie, bibie, linang'aa leo?" angeuliza jioni.

"Linang'aa," Orpha angejibu, na kubadilisha mazungumzo.

Ijumaa moja ya Septemba, zikiwa zimebaki siku nne Selah apasuliwe, Orpha aliingia bandani saa nne asubuhi akamkuta Floyd ameketi sakafuni, lebo zimetapakaa miguuni pake.

"Mama Orpha, mbona hujafungua mlango?" akasema. "Kiza chote hiki nitabandikaje?"

Mlango ulikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa banda zima, mpaka kwenye uso wake.

Jana yake Floyd alionja kikombe kimoja cha spiriti mpya, iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa. Daktari wa kijiji alimfunua kope, akanusa chupa na kuirudisha mezani taratibu. "Hii ni spiriti ya kiwandani, ya kuyeyushia rangi," akasema. "Kikombe kimoja hupofusha. Viwili huua."

Na chupa sabini na mbili za spiriti hiyo zilikuwa zimelala kijitoni, zinangoja karamu ya kesho. Orpha alivuka daraja na aproni yake vilevile.

"Bwana Wickliffe, shehena mpya ni sumu. Floyd haoni."

"Floyd anakunywa hata mafuta ya taa, Bi Orpha." Alikuwa anawatazama watu wakisimamisha mahema bustanini.

"Daktari amesema..."

"Daktari wa kijijini. Sikiliza. Kesho anakuja Bwana Ordway wa benki, ndiye ninayemtegemea kwa fedha. Akitoka hapa koo kavu, mimi nimekwisha. Na leo, siku moja kabla, nitapata wapi nyingine? Watakunywa kidogo, na barafu nyingi. Hakitatokea kitu." Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayejibembeleza mwenyewe. Kisha akaongeza, "Jumanne saa tatu gari litamfuata Kapteni. Asile kitu asubuhi."

Hakumtishia hata kidogo. Lau angemtishia, ingekuwa rahisi, maana Orpha alijua sana kugombana na watu waovu. Huyu hakujua agombane naye vipi. Alirudi nyumbani akijichukia kwa wazo lililokuwa likimnong'oneza: wale si watu wako, na Jumanne si mbali.

Selah alisikia kishindo cha hatua zake tu. "Haya, sema."

Akamweleza yote. Mzee akapitisha vidole kwenye ukingo wa meza.

"Wageni wangapi?"

"Mia, na ushee."

"Macho mia mbili, Orpha. Mimi nina mawili tu, na yameshazoea."

"Usiseme hivyo, Selah. Usiniambie hivyo."

"Kamwage."

Akainuka kwenda. Alipofika mlangoni mzee akapiga ukelele: "Si majini, mama wee! Chaza wangu wamo humo!"

Wakacheka, wote wawili, kwa uchungu. Wakaimwaga spiriti ile katika shimo la makombe ya chaza nyuma ya banda, chupa baada ya chupa. Halafu Orpha akasugua sufuria kubwa ya kufulia nguo, akachemsha chai nyeusi ya kujaza chupa zote, akaiongeza sukari iliyounguzwa mpaka rangi ikakaa sawa. Selah aligongomea vizibo kwa kupapasa, na hakukosea hata kimoja.

Jumamosi alasiri Orpha aliwekwa kwenye meza ya chaza, kisu mkononi, barafu mbele yake. Desturi ya jumba lile ilikuwa mwenye nyumba anywe kwanza. Bwana Wickliffe aliinua bilauri, na Orpha akamwona akilitazama jua kwanza, kama anayeliaga. Mwanamume yule alikuwa anaogopa. Alijua. Hata hivyo akaimaliza yote kwa mkupuo mmoja.

Akabaki ameiangalia bilauri tupu. Kisha akainua macho, polepole, mpaka kwenye meza ya chaza. Orpha alimkazia macho, kisu kimemganda mkononi, akijua kwamba neno moja la mtu huyu linatosha kumwachia Selah kiza cha maisha.

"Karibuni," Bwana Wickliffe akawaambia wageni. "Kunyweni."

Wakanywa. Bwana Ordway alifumba macho. "Moshi! Mnausikia kwenye ulimi moshi wa Uskoti? Hii ndiyo yenyewe, nyingine ni kuoshea miguu." Kila mmoja akausikia moshi, maana nani angekubali kuwa yeye tu hausikii? Kufika saa kumi na moja jaji mmoja alikuwa amefunga tai kichwani, anaibusu miti. Bibi mmoja wa almasi aliingia kwenye chemchemi na viatu vyake, akilia kwamba hapendwi. Walilewa chepechepe, kwa chai.

Jumapili asubuhi Bwana Wickliffe alikuja bandani peke yake, akaketi juu ya kapu lililopinduliwa.

"Ina ladha ya sabuni," akasema.

Orpha aliendelea kufungua chaza.

"Mama yangu alikuwa dobi, Bi Orpha. Huku nimewaambia watu tulikuwa na mashamba ya pamba. Jumapili alituchemshia chai kwenye sufuria ya kufulia, tulikuwa wengi. Nilipoionja jana nilidhani nimekufa, nimemkuta." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilishajiambia ni salama. Nikainywa yote, ili niamini. Asante. Asante sana, mama."

"Nenda kamwambie Floyd," Orpha akasema.

Alikwenda. Alikaa na Floyd mpaka mchana, na alipotoka hakuwa na uso wa karamu tena.

Jumanne saa tatu gari lilifika.

Majuma matano yalipita kabla Selah hajafunguliwa bandeji na kupewa miwani minene. Kufikia siku hiyo Bwana Ordway alikuwa ameiweka fedha ya benki kwingine, waliolewa chai hawakuonekana tena, na Bwana Wickliffe alikuwa ameondoka kwa treni na sanduku moja. Floyd alihamia kwa akina Tuthill. Aliona mwanga wa dirisha tu, basi.

Selah alimtazama mkewe kwanza, kwa muda mrefu. "Umezeeka," akasema.

"Na wewe hujajiona bado."

Akatoka nje kwa miguu yake, bila kupapasa, akasimama ukingoni mwa kijito. Akalitazama jumba la ng'ambo. Rangi ilikuwa imebambuka upande wa upepo.

"Orpha. Ni mbao."

"Ni mbao."

"Uliniambia marumaru."

"Watu ndio walikuambia. Mimi nilinyamaza, ulikuwa unaipenda sana hiyo marumaru."

Selah akatazama tena, msumari kwa msumari, kama anayesoma barua aliyoingoja. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani mbele ya nyumba ile tupu, na hakuivaa mpaka Orpha alipomwambia kuna baridi.