Kigoda Nje ya Dirisha

Darasa la ngumbaru la Uriri lilipopata mwalimu mpya, Kezia alijibebea kigoda chake akatoka nje bila kuambiwa na mtu. Mwalimu mwenyewe alikuwa Stanley, mume wa bintiye wa pili, aliyehamishwa kutoka Kisegi. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwewe hawabanani chumbani wakatazamana machoni. Heshima ina masafa yake. Basi Kezia akakaa chini ya dirisha la kanisa walimosomea, daftari mapajani, naye Stanley akafundisha Kiingereza huku ameupa upande huo mgongo. Maswali ya Kezia yalipitia kwa Marcella, jirani yake wa sokoni aliyeketi ndani karibu na dirisha, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo.

Wengine walicheka. Kezia hakujali, kwani shida yake ilikuwa nyingine. Mwanawe Cliff ni nesi huko Uingereza, na Liz, binti ya Cliff mwenye miaka minane, hajui Kijaluo wala Kiswahili. Kila Jumapili mtoto alipewa simu akasema mawili matatu, Kezia akajibu "yes, yes", kisha mtoto akaita "Daddy!" na simu ikarudi kwa babake. Ilimuuma. Mjukuu wako aongee nawe kupitia mkalimani, kwani wewe ni balozi? Na Agosti walikuwa wanakuja.

"Hii get ndiyo inanimaliza," alimwambia Marcella. "Mtoto anaitia kila mahali kama chumvi."

Marcella akapaza sauti: "Mwalimu, mama anauliza get ni nini."

Stanley akashusha pumzi. "Ambia mama hiyo si neno. Hiyo ni ukoo mzima."

Akaanza kuandika. Ukipokea zawadi, get. Ukishikwa na homa, get. Ukiamka, get up. Ukishuka garini, get off. Ukiolewa, get married. Ukielewa jambo ni get vilevile, na usipoelewa, you don't get it. Wiki tatu zikapita, ubao bado haujatoka hapo. Mzee Joash, aliyekuja kujifunza kusoma Biblia tu, akanung'unika kwamba Waingereza wenye meli nyingi vile wangekosaje kujitafutia vitenzi vingine. La kumi na nne lilikuwa get to: kupata nafasi ambayo si kila mtu hupewa. Kezia akaliandika polepole, kama mengine yote.

Agosti ikafika, Cliff na Liz nao. Siku tatu nzima bibi na mjukuu walitabasamiana tu. Maneno ya daftarini hayakumtoka Kezia, akajiona mjinga nyumbani kwake mwenyewe. Alhamisi akaenda darasani kama kawaida, na mtoto akang'ang'ania kumfuata. Cliff akawasindikiza, akabaki ameegemea lango la kanisa.

Liz akatazama. Watu wote wako ndani kivulini, wamekalia viti. Nyanyake yuko nje juani, peke yake, juu ya kigoda, na mwalimu hata hamwangalii. Mtoto akajua moja kwa moja kwamba bibi ameadhibiwa. Akaingia mpaka mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Uncle Stanley, why doesn't Dani get to sit inside?"

Stanley akageukia ubao, chaki mkononi. Mambo ya ukwe utayaanzia wapi kwa mtoto wa Uingereza? Lakini huko nje Kezia alikuwa ameelewa kila neno. Mtoto anauliza kwa nini Dani, yaani bibi yake, ananyimwa nafasi ndani, mtoto anamtetea! Furaha ilimjaa mpaka penseli ikamdondoka.

"Liz! Come," akaita dirishani. "I get to sit here. Only me."

Marcella akapiga makofi. "Yawa! Namba kumi na nne!"

Liz akatoka mbio. "Why only you?"

Cliff akaondoka langoni, akaja kutafsiri kama alivyozoea. Kezia akamzuia kwa mkono. "Stanley, husband of my daughter," alisema, akifunua daftari. "I respect. He respect. So... window." Akasita, akatafuta neno lingine, akalikosa, akaanza upya. Ilichukua muda.

Liz aliingia ndani akakokota kiti, akakiweka kando ya kigoda, akakaa. Kisha akauliza swali la pili, na la tatu. Cliff alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, tayari kabisa. Mtoto hakumwita.