Kipimo cha Waliopita Hamsini

Shuka la arobaini asubuhi ile ndilo lililomvunja. Hakuanguka wala hakujigonga. Alishika pembe mbili, wifi yake akashika mbili, wakalikung'uta likiwa bado na unyevu, kama walivyofanya kila siku katika chumba kile cha kufulia nguo za hoteli. Mkono wa kulia ukalia kwa ndani, kama kijiti kikavu.

Kazini walimwita Chapuchapu, kwani hakuna aliyemfikia kwa kukunja. Tangu mwaka juzi mwili wake ulikuwa haujui kutulia. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, jasho lilimtoka hata kwenye baridi, na moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa kitako. Alikula vizuri na bado akakonda. Wenzake wakamwonea gere, wakamwuliza anakunywa dawa gani awape na wao. Msimamizi alimsifu mbele ya watu, akawaambia wavivu waige. Naye kwa kusifiwa akaamini ule moto ni baraka aliyojaliwa na Mungu, na nani aende kupimwa baraka?

Siku ya nne, mkono ukiwa kwenye plasta, alirudi kliniki na wifi yake kuchukua majibu ya damu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimweleza kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, ila kidogo tu, na kwamba tezi ikikimbia hivyo kwa muda mrefu huweza kula mifupa kimyakimya. Akamwuliza kama aliwahi kuvunjika kabla. Akasema ndiyo, kidole cha mguu, mwaka jana, kwa kujikwaa kwenye mkeka.

"Kwa mtu wa miaka thelathini na moja, kuzidi huku kidogo kunadhuru mifupa kiasi gani, sina hakika," daktari alisema. "Hapa wa umri wako hatuwapimi mifupa."

Hata hivyo akaandika cheti apimwe uimara wa mifupa. Dirishani karani alikisoma, akakirudisha bila kuinua macho.

"Mashine hii ni ya mama zako, wa hamsini kwenda juu. Wewe bado mbichi."

"Kwa hiyo aendelee kukatikakatika mpaka afikishe?" wifi akauliza.

Karani akacheka kidogo, kisha akalegea. Akawaambia njia ni moja: mwajiri ajaze fomu kwamba ameumia kazini. Akija na fomu hiyo, watampima, umri hautaulizwa.

Wakarudi hotelini kwa miguu. Msimamizi alikuwa amekwishajaza fomu. Kwenye mstari wa chanzo aliandika: *Ameanguka nyumbani.* Ilibaki saini tu.

"Dada, nakusaidia," alisema, sauti ya chini kabisa. "Ukisema umeumia hapa, wakubwa watauliza ni mtu gani huvunjika kwa kukung'uta shuka. Watasema mifupa yako mibovu, hufai kazi. Weka saini, kapumzike, ukipona nafasi yako ipo."

Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililouma. Akitia saini, kazi anayo na kipimo hana. Asipotia, huenda akakosa vyote. Alimtazama wifi yake. Wifi alikuwa anatazama sakafu, maana naye alikula kwa kazi hiyohiyo.

Akaomba kalamu, akaishika kwa mkono wa kushoto. Akakata maneno ya msimamizi kwa mstari uliopinda, akaanza kuandika juu yake herufi mojamoja kama mtoto wa darasa la kwanza: *Sikuanguka. Nilikuwa kazini.*

"Unaiharibu, na sina nyingine," msimamizi alisema.

"Basi itatosha hiyohiyo."

Karatasi ilikuwa ikiteleza juu ya meza, na mkono wa plasta haukuweza kuizuia. Wifi yake akasogea, akaibana kwa vidole viwili.